Kuwa na kitengo hakuifanyi shule kuwa jumuishi

Huku Mbeya, kwenye vikao vya wazazi na hata kwenye taarifa za kata, shule ikishakuwa na kitengo cha elimu maalumu, yaani darasa la peke yao la watoto wenye ulemavu, tayari inaitwa "shule jumuishi". Juzi nimelisikia tena, likisemwa kuhusu shule ambayo watoto wa kitengo wana chumba chao nyuma ya jiko, mwalimu wao na mapumziko yao. Sijui wanachochangia na wenzao ni nini, labda uzio.

Maana yenyewe ni fupi. Elimu jumuishi ni watoto wote, wenye ulemavu na wasio nao, kusoma pamoja huku shule ikibadili ufundishaji, vifaa, majengo na upimaji ili kila mmoja ajifunze. Serikali nyingi zililiunga mkono wazo hili kwenye mkutano wa Salamanca, Hispania, mwaka 1994. Likaingia kwenye ibara ya 24 ya Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, ambao Tanzania iliuridhia 2009.

Tunapokorogana ni kwenye tofauti. Mwaka 2016 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba huo ilitenganisha hali nne. Kuna mtoto kunyimwa shule kabisa. Kuna kusomeshwa pembeni, na wenye ulemavu wenzake tu. Kuna kuingizwa shule ya kawaida kwa sharti kwamba ajitahidi kuendana nayo kama ilivyo. Ya nne ndiyo jumuishi: shule ndiyo inayojirekebisha. Sisi tunachukua ya pili na ya tatu, tunazipa jina la ya nne.

Mchukue mtoto mwenye ualbino, uoni wake hafifu, yuko darasa la tano Tukuyu. Kakaa nyuma, ubao umejaa herufi ndogo. Jina lake limo kwenye rejista, anaitika "nipo", na bado yuko kwenye hali ya tatu. Msogeze mbele, mbali na dirisha linalompiga mwanga, usome kwa sauti unachoandika, umpe maandishi makubwa. Hapo umeanza. Baraza la Mitihani lenyewe huwaongezea watahiniwa wasioona na wenye uoni hafifu dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na 10 kwenye masomo mengine, na hakuna anayelalamika kwamba wamependelewa. Kwa nini huruma hiyo isubiri siku ya mtihani?

Wapo pia wanaovuka mpaka upande wa pili, wakidhani jumuishi ni kufunga shule za viziwi, kama ile ya Njombe, na kuwatawanya watoto. Kiziwi akiwekwa kati ya watoto 80, mwalimu hajui lugha ya alama, huyo ametengwa hadharani. Mkataba unataka afundishwe kwa lugha anayoielewa, katika mazingira yanayomkuza.

Basi walimu wenzangu, shule yenye kitengo tuiite hivyo hivyo, shule yenye kitengo. Hakuna aibu, na mzazi anayetafuta nafasi atajua anampeleka mwanawe wapi. Mara nyingi humo kitengoni ndimo alimo mwalimu pekee anayesoma nukta nundu, maandishi ya wasioona. Mkilitaka sana neno "jumuishi", mwombeni mwalimu huyo aanze kuingia kipindi kimoja na walimu wenzake wa darasa la tano.