Mkataba wa Wamaasai wa 1904 Haukuwa wa Miaka 99

Maswali kuhusu ardhi ya Laikipia yamezidi tena, na wengi wanaofika kwenye dawati letu la nyaraka huomba kitu kimoja: nakala ya "mkataba wa miaka 99" unaosemwa kuwa ulitiwa saini na wazee wa Kimaasai kuwakodishia Waingereza ardhi hiyo. Hatuwezi kuitoa kwa sababu haipo. Tumelieleza hili mara nyingi.

Mkataba wa Agosti 1904, kati ya Kamishna wa Uingereza, Donald Stewart, na wazee wakiongozwa na Olonana, haukukodisha ardhi. Uliwahamisha Wamaasai kutoka Bonde la Ufa, yakiwemo malisho ya Naivasha, ukawatengea maeneo mawili: Laikipia na upande wa kusini. Ukaahidi barabara ya mifugo ya kuyaunganisha, na kwamba makubaliano yangedumu maadamu Wamaasai wapo. Mwaka 1911, mkataba wa pili ukawatoa Laikipia. Ahadi ya milele ilidumu miaka 7.

Miaka 99 ilitoka katika sheria ya ardhi ya 1902, iliyowakodishia walowezi mashamba. Mwaka 1915 ikaongezwa hadi 999. Anayeng'ang'ania 99 anaipunguza hoja yake mwenyewe, kwa kuwa ahadi iliyovunjwa ni nzito kuliko kodi iliyokwisha muda, nayo imeandikwa.

Mmaasai Ole Njogo na wenzake waliishtaki serikali ya kikoloni kupinga kuhamishwa huko. Mwaka 1913 mahakama ikasema Wamaasai si raia wa Mfalme wa Uingereza, mikataba ile ni ya dola na dola, hivyo mahakama haina mamlaka ya kuitekeleza. Hiyo si sawa na kusema madai yalikuwa ya uongo, na inasikitisha kuona yakielezwa hivyo.

Anayetaka kuisoma mikataba aje na kitambulisho, ajiandikishe, ajaze fomu moja kwa kila jalada, na aandike kwa penseli tu. Kupiga picha kunahitaji kibali. Kuchana au kutoka na karatasi ni kosa la jinai. Kughushi hati ya umiliki wa ardhi kunaweza kuleta kifungo cha maisha, na anayeitumia akijua ni ya kughushi naye hushtakiwa.

Dhuluma za kihistoria za ardhi, kuanzia 15 Juni 1895 hadi 27 Agosti 2010, huwasilishwa kwa Tume ya Taifa ya Ardhi. Marekebisho ya sheria ya 2016 yaliweka kikomo cha miaka mitano cha kuwasilisha madai. Kabla ya kumlipa yeyote akuandikie dai, uliza kwanza ofisi ya Tume kama bado yanapokelewa.