Kuanguka mnazini na ngiri inayojitokeza baada ya miaka

Mkwezi alianguka mnazini miaka 2 iliyopita, mbavu zikapona. Sasa kila akila hubanwa kifuani upande wa kushoto na pumzi humwishia. Je, ni kile kishindo?

Huenda ni hicho. Kifua na tumbo vimetenganishwa na kiwambo, msuli mpana unaoshuka tuvutapo pumzi. Kishindo huweza kuupasua, mara nyingi kushoto, kwa sababu kulia kuna ini la kuukinga. Msuli huu haupumziki, basi tundu halizibi lenyewe. Tena kila pumzi huvuta vya tumboni kuelekea juu, hata mfuko wa chakula na utumbo vikaingia kifuani. Hiyo ndiyo ngiri ya kiwambo.

Mbona eksirei ya siku ile haikuonyesha kitu?

Pengine hakikuwa kimepanda kitu, au damu kifuani ilificha. Kwa aliyechomwa kisu, tundu hupita kimya zaidi, kwa udogo wake.

Daktari hukosea wapi?

Mfuko wa chakula uliojaa hewa na maji kifuani hufanana na hewa au maji yanayozunguka pafu. Akichomeka mpira ubavuni kwa haraka ili kuyatoa, huutoboa mfuko huo. Heri kwanza kupitisha mpira mwembamba puani hadi mfuko wa chakula na kupiga picha tena: ncha ikionekana imejikunja kifuani, jibu ni hilo. Picha ya CT, eksirei ya tabaka kwa tabaka, huonyesha zaidi.

Hushonwaje?

Jeraha jipya hufikiwa kupitia tumboni, ili wengu, ini na utumbo vikaguliwe pia. La zamani huwa limegandamana na pafu, kwa hiyo wengi hupitia kifuani, pengine kote kuwili. Viungo huachanishwa taratibu na kurudishwa, utumbo uliooza hukatwa, kisha kingo hushonwa kwa uzi usioyeyuka. Kingo zisipokutana bila kuvutwa kwa nguvu, hutiwa kiraka cha wavu. Mpira wa kutoa hewa na maji kifuani hubaki siku kadhaa. Mgonjwa avute pumzi ndefu na akohoe akiwa amekumbatia mto. Inauma, lakini bila hivyo pafu halikunjuki vizuri na nimonia huingia.

Lini tusingoje kukuche?

Akitapika mfululizo, tumbo au kifua kikimkata, hapati choo wala hatoi upepo, au anahema. Huenda utumbo umenyongwa na damu haiupiti. Asile, asinywe, asipewe dawa ya kumfanya aharishe. Aliye kisiwani Lamu avushwe hadi gati la Mokowe, bara, akiwa ameegemezwa, si chali, na simu ipigwe kabla ya boti kung'oa nanga ili gari limngoje gatini. Anayempokea aambiwe kwanza habari ya lile anguko, hata kama ni la miaka 10 nyuma.