Wayahudi wa kale na lugha zao: Kiebrania ni nusu tu ya jibu

Muulize mtu yeyote Wayahudi wa kale walisema lugha gani, atakujibu papo hapo: Kiebrania. Hajakosea, ila jibu lake ni nusu. Nusu iliyobaki ndiyo inayonivutia zaidi, na dalili zake zimo ndani ya Biblia yenyewe.

Dhana: Agano la Kale lote ni Kiebrania

Sehemu kubwa, ndiyo. Lakini Danieli, kuanzia 2:4 hadi mwisho wa sura ya 7, ni Kiaramu, lugha ndugu ya Kiebrania, na vivyo hivyo barua za kiserikali zilizomo katika Ezra. Kiaramu kilikuwa lugha ya dola. Katika 2 Wafalme 18, jeshi la Ashuru limefika Yerusalemu, na maofisa wa Hezekia, mfalme wa Yuda, wanamsihi mjumbe wa adui aseme Kiaramu ili watu walioko ukutani wasielewe. Kumbe wakati ule kilikuwa lugha ya wakubwa! Karne tatu hivi baadaye mambo yamegeuka: askari Wayahudi waliolinda mpaka wa kusini wa Misri, katika kisiwa cha Elephantine mtoni Nile, waliandika kwa Kiaramu hati za ndoa, mikopo, hata barua ya mwaka 407 KK ya kumwomba liwali wa Yuda awasaidie kujenga upya hekalu lao lililobomolewa.

Dhana: "Talitha, kumi" ni Kiebrania

Maneno haya ya Yesu katika Marko 5:41 ni Kiaramu. Na hiyo "kumi" si ya kuhesabu. Maana yake ni "inuka", akiambiwa mwanamke. Anayejua Kiarabu atamtambua ndugu yake mara moja: *qumi*. "Eloi, Eloi, lama sabakthani" nayo ni Kiaramu, lugha iliyotawala majumbani Galilaya. Mkanganyiko una sababu: Injili ya Yohana inayaita Kiebrania majina kama Gabatha na Golgotha, ambayo umbo lake ni la Kiaramu. Kwa aliyeandika Kigiriki, lugha ya Waebrania ilitosha kuitwa Kiebrania.

Dhana: Basi Kiebrania kilikuwa kimebaki cha sala tu

Hapa watu huteleza upande wa pili. Hati za Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, zilizoanza kupatikana mwaka 1947, nyingi ni za Kiebrania, zikiwemo kanuni za maisha ya jumuiya. Bar Kokhba, aliyeongoza uasi dhidi ya Roma mwaka 132 hadi 135 BK, aliacha barua za Kiebrania, Kiaramu na Kigiriki. Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi uliokamilishwa mnamo mwaka 200 BK, ni Kiebrania kilichojaa maneno ya shambani na jikoni. Sala peke yake haihitaji maneno hayo.

Kiyidi, lugha nyingine ya Wayahudi, je? Hicho kilizaliwa Ulaya katika zama za kati. Si cha enzi hizi.

Dhana: Kigiriki kilikuwa cha mataifa, Myahudi hakukigusa

Torati ilianza kutafsiriwa kwa Kigiriki huko Aleksandria karne ya 3 KK, na Wayahudi wenyewe ndio waliokuwa wasomaji wake. Yerusalemu kwenyewe kumepatikana jiwe la Kigiriki la kuhani Theodotos, aliyejenga sinagogi la kusomea Torati na vyumba vya kulaza wageni.

Lakini ushahidi nisiochoka kuusimulia ni wa Babatha, mwanamke Myahudi wa karne ya 2 BK, mwenye mashamba ya mitende kusini mwa Bahari ya Chumvi. Mwaka 1961 hati zake 35 zilipatikana pangoni, ndani ya mfuko wa ngozi. Nyingi ni za Kigiriki, kwa kuwa eneo lake lilikuwa chini ya Warumi na kesi zilipelekwa kwa liwali wao. Nyingine ni Kiaramu cha Kiyahudi na cha Wanabatea, majirani zao wa Kiarabu. Yeye mwenyewe hakujua kuandika. Wengine waliandika kwa niaba yake. Hati ya ndoa yake na Yehuda ni ya Kiaramu. Ile ya Shelamzion, binti wa Yehuda, ya mwaka 128, ni ya Kigiriki. Zote mbili zilikaa katika mfuko ule ule.