Kabla Mvamizi Hajafika Chumbani: Namna ya Kuandaa Nyumba na Familia

Mvamizi akishaupiga mlango usiku, kinachoamua usalama wa familia ni dakika chache: tangu kishindo cha kwanza hadi afike walikolala watu. Kujiandaa ni kuzirefusha dakika hizo, na kuhakikisha kila aliyemo ndani anajua la kuzifanyia. Nyumba ambayo mlango wake unang'oka kwa pigo moja haina dakika. Nyumba yenye mlango imara, lakini familia inapigana vikumbo gizani ikitafuta simu, inazo ila zinapotea bure.

Kwa Dodoma jambo hili linawagusa zaidi waliohamia maeneo yanayoendelea kujengwa, kama Nala, Iyumbu, Nzuguni na Mkonze. Huko mtu anaweza kuanza kuishi huku pande tatu za kiwanja chake ni mapagale na viwanja vitupu, na jirani wa kwanza yuko mbali kiasi kwamba yowe humfikia kwa kubahatisha. Tunawaomba wenye nyumba hizo wasome hadi mwisho.

Mlango: anza na mwimo

Watu wengi hununua kitasa cha bei kubwa na kusahau mwimo, yaani mbao ya wima ya fremu inayopokea ulimi wa kitasa. Wavunjaji wa usiku mara nyingi hawahangaiki na funguo. Hubeba jiwe kubwa, lile mtaani linaloitwa Fatuma, na kulibamiza usawa wa kitasa. Hapo kitasa chenyewe huwa kizima. Kinachopasuka ni mwimo, au fremu nzima inaachia ukutani. Na hapa kwetu mchwa huwa wameshaanza kazi mapema. Hupanda kutoka ardhini, wakala mwimo kwa ndani na kuacha ganda la rangi ya nje liking'aa kama jipya.

Kagua hivi. Funga mlango kwa ufunguo, weka bega usawa wa kitasa, sukuma kwa nguvu bila kupiga, huku mtu mwingine akiangalia mwimo. Ukiona ufa kati ya fremu na plasta unafunguka na kujifunga, fremu haijashikwa na ukuta. Kisha chukua bisibisi bapa, uichome kwenye mwimo sentimita tano kutoka sakafuni, pande zote mbili. Mbao nzima huikataa bisibisi. Ikizama kirahisi na kutoa unga mkavu au udongo, mwimo huo umekwisha, na hakuna kitasa kitakachouokoa.

Fremu nzuri hushikwa na vyuma vilivyochimbiwa ukutani, vitatu kila upande: juu, usawa wa kitasa na chini, vikajazwa zege. Mafundi wengi huweka misumari miwili kila upande na kuziba kwa plasta. Hiyo haihimili pigo. Kibati kinachopokea ulimi wa kitasa nacho huja na skrubu fupi za nusu inchi. Badilisha uweke za inchi 3 ili zipite mwimo na kuingia ukutani kwenye plagi. Mlango wa mbele na wa jikoni iwe ya mbao ngumu au chuma, kwa sababu ile ya flashi ina uwazi ndani na hupasuka kwa teke. Mlango wa jikoni ndio unaosahauliwa kuliko yote, na ndio ulioko gizani nyuma ya nyumba.

Kwa ndani weka makomeo mawili, juu na chini, yenye pini nene inayoingia kwenye tundu la kina cha sentimita 4 hivi. Pingo la chuma au mbao linaloegemea ndoano zilizofungwa ukutani ni bora zaidi kwa gharama ndogo. Ndoano hizo zisifungwe kwenye mwimo, maana mwimo ukiachia, pingo huondoka nao. Mlango wa chuma unaofungukia nje huwa na bawaba zinazoonekana nje. Mwambie fundi wa kuchomelea aongeze vipande viwili vya nondo upande wa bawaba, viingie kwenye fremu mlango unapofungwa. Hata bawaba zikikatwa, mlango unabaki mahali pake.

Kama kuna korido kati ya sebule na vyumba vya kulala, geti la ndani ndiyo fedha inayolipa kuliko nyingine zote. Mvamizi akishinda mlango wa mbele anakutana na kizuizi cha pili, wakati nyumba nzima imeshaamka.

Nondo za dirisha zinaokoa na zinaua

Nondo ziwe za milimita 12, nafasi kati yake isizidi sentimita 12, na ncha zake zichimbiwe ukutani kabla ya plasta. Zilizofungwa kwa skrubu kwenye fremu ya alumini ni pambo tu.

Lakini nondo haibagui anayeingia na anayetoka. Moto ukianza sebuleni, familia iliyolala vyumbani inabaki imezungukwa na chuma. Kwa hiyo angalau dirisha moja la chumba cha kulala liwe na nondo zinazofunguka kama mlango mdogo, kwa kufuli ya ndani. Ufunguo utundikwe ukutani mahali mtoto wa miaka kumi anapofikia, upande usioonekana dirishani wala kufikika kwa mti mrefu. Mti huo si nadharia. Msimu wa joto watu hulala madirisha wazi, na wezi huchana nyavu, wakapitisha fito yenye ndoano na kuvuta suruali, mkoba na simu. Usichaji simu chini ya dirisha.

Kuna wanaoamini familia hupuliziwa dawa ya usingizi dirishani. Hospitalini mtaalamu wa usingizi hukaa kando ya mgonjwa mmoja akimpimia dawa na kufuatilia pumzi yake muda wote. Kulaza nyumba nzima kupitia dirisha, bila mtu kushtuka wala kufa, ni jambo lisilowezekana kirahisi hivyo. Imani hii ina madhara: humfanya mtu aone hakuna la kufanya, akaacha mwimo wake ulivyo.

Uwanja na sauti

Fatuma mara nyingi hutoka kwenye uwanja wako mwenyewe. Mawe yaliyobaki ya msingi, tofali, sululu, mtaimbo na ngazi ya fundi, vyote viingie stoo au viondolewe. Ukilima mahindi au alizeti kiwanjani wakati wa mvua, acha mita 3 wazi kuzunguka nyumba. Mahindi yakifika kifuani yanaficha watu wazima watatu bila taabu. Taa za nje zielekee mbali na nyumba na zimulike pia nyuma ya tangi la maji na choo cha nje. Taa moja ya sola upande wa jikoni itakufaa umeme ukikatika.

Halafu kuna upepo. Kuanzia Juni hadi Septemba upepo wa Dodoma hupiga usiku kucha, na bati lililolegea hugonga hadi watu wanazoea. Mkishazoea bati kugonga, hata bati linapong'olewa hamwamki. Gongelea kila bati na kaza geti linalopigapiga, ili kishindo cha usiku kiwe na maana. Mbwa naye asifungwe nyuma ya nyumba usiku. Mahali pake ni kati ya geti na mlango.

Familia ifanye nini

Chagueni chumba kimoja cha kukimbilia, chenye mlango imara, makomeo ya ndani na, ikiwezekana, lile dirisha linalofunguka. Ndani yake kaeni na simu ndogo ya kitochi iliyojaa chaji na yenye vocha, tochi, filimbi na karatasi ya namba: 112 ya polisi, 114 ya zimamoto, Polisi Kata, mwenyekiti wa mtaa, balozi na majirani watatu. Namba ziandikwe kwa mkono, kubwa. Vidole vinavyotetemeka havitafuti majina kwenye simu.

Gaweni kazi kwa majina. Mmoja anachukua watoto. Mmoja anamshika bibi au mgonjwa. Mmoja anapiga simu na kutaja kwa mpangilio: mtaa na namba ya nyumba iliyo kwenye kibao cha anwani za makazi, alama ya karibu, idadi ya wavamizi, silaha walizonazo, waliko sasa. Dada wa kazi na mpangaji wa nyumba ndogo nao wajue mpango, maana ndio husahauliwa. Watoto waambiwe mapema kwamba siku hiyo hawajifichi uvunguni; wanaitika wanapoitwa.

Fanyeni zoezi mara ya kwanza mchana, mara ya pili usiku taa zikiwa zimezimwa. Lengo ni watu wote kuwa ndani na komeo kufungwa chini ya dakika moja. Makosa yatajitokeza yenyewe: baba na mama wote wanakimbilia watoto na hakuna aliyeshika simu, funguo za geti la korido ziko kwenye suruali sebuleni, stuli imeachwa njiani. Rekebisheni, rudieni baada ya miezi mitatu.

Na majirani kubalianeni ishara, kwa mfano filimbi ndefu tatu, isichanganywe na ya walinzi wa usiku, ambao nao hupuliza. Ulinzi shirikishi wa mtaa hufanya kazi pale tu watu wanapojua nani atatoka, atatoka na nani, na atasimama wapi.

Usiku ukisikia bomba la nje limefunguliwa, taa imepasuka au kitoto kinalia getini, usifungue. Hiyo ni mbinu ya kukutoa. Washa taa za nje kutoka ndani, ita kwa sauti, piga simu. Wakishaingia na kuwakuta uso kwa uso, waachieni mali, mikono ionekane, msisimame kati yao na njia ya kutokea. Panga lililo chini ya kitanda, mkononi mwa mtu aliyetoka usingizini, huishia mikononi mwa mwenye uzoefu nalo.

Sheria inaruhusu nini

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 18 na vinavyofuata 18A hadi 18C, inampa kila mtu haki ya kujitetea, kumtetea mwingine na kutetea mali, kwa nguvu inayolingana na hatari iliyopo. Haki hiyo hufika hadi kusababisha kifo katika mazingira mahususi, ikiwemo hofu ya msingi ya kuuawa, kuumizwa vibaya, kubakwa au kutekwa. Nguvu iliyopitiliza ikisababisha kifo, ni kosa la kuua bila kukusudia. Mvamizi akishakimbia, akishaanguka au akishafungwa kamba, hatari imekwisha na haki ya kumpiga imekwisha nayo. Wanaomchoma moto mtu aliyekamatwa wanashitakiwa kwa mauaji, na hili tunalisema kwa uchungu kwa sababu miongoni mwa waliouawa hivyo wamo watu wasio na hatia.

Usiunganishe umeme wa nyumbani kwenye uzio au dirisha. Wa kwanza kuushika atakuwa mtoto wako au wa jirani anayefuata mpira. Bunduki inahitaji leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na isiwe mahali mtoto anapofika.

Baada ya tukio msifagie wala kugusa walipogusa wao. Mwenye jeraha apate fomu ya PF3 kutoka polisi, lakini anayevuja damu nyingi awahishwe hospitali huku mwingine akiifuata fomu. Namba ya utambulisho ya simu, inayoonekana ukibonyeza *#06#, iandikwe leo kwenye daftari, kwa sababu simu ikishaibiwa hutaiona namba hiyo tena kirahisi. Funguo zikipotea usiku huo, badilisha vitasa vyote kabla jua halijazama, hata kama mlango wenyewe umepona.