"Nimeipata chooni" na mengine tunayodanganyana kuhusu magonjwa ya zinaa

Choo cha kuchangia kinasingiziwa mengi. Vijidudu vya kisonono na klamidia hufa upesi nje ya mwili. Vinaambukizwa kwa ngono, na mama humwambukiza mtoto wakati wa kujifungua. Hata UTI yenyewe, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, mara nyingi hutokana na bakteria wa utumbo wa mtu mwenyewe walioingia kwenye njia ya mkojo, ambayo kwa mwanamke ni fupi na iko karibu na njia ya haja kubwa. Kwa hiyo UTI si ushahidi kwamba mke ametoka nje ya ndoa, na inauma kuona wanawake wakitukanwa kwa hilo. Lakini mkojo unaochoma unaweza pia kuwa kisonono, klamidia au trikomona, na anayeweza kukuambia ni kipi ni maabara. Kukimbilia sipro (antibiotiki ya ciprofloxacin) dukani ni kubahatisha, maana sehemu nyingi duniani kisonono kimeshakuwa sugu kwa dawa hiyo.

"Ningekuwa nao ningeona dalili." Hii ndiyo inayoniogopesha kuliko zote. Wanawake wengi wenye klamidia hawasikii chochote, huku ugonjwa ukipanda hadi kwenye mirija ya uzazi na pengine kuiziba. Kaswende nayo huanza na kidonda kisichouma, kwa kawaida wiki kama 3 baada ya kuambukizwa. Baada ya wiki 3 hadi 6 kidonda hupona chenyewe, hata bila dawa. Mwenyewe anashukuru Mungu kumbe ugonjwa bado umo mwilini, na akiwa mjamzito unaweza kumuua mtoto tumboni. Ndiyo maana kliniki ya wajawazito hupima kaswende pamoja na VVU. Ikigundulika mapema, dozi moja ya sindano ya penisilini huimaliza.

"Mke wangu kapima kliniki, hana kitu, basi na mimi sina." Hapana. Wapo wanandoa wengi ambao mmoja ana VVU na mwenzake hana. Kila mtu apime mwenyewe. Kwa yale yanayotibika, mtibiwe wote wawili, la sivyo mtarudishiana.

Kondomu? Hupunguza sana hatari ya VVU, kisonono na klamidia. HPV (kirusi kinachoweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi) na malengelenge ya sehemu za siri huweza kupita kwenye ngozi isiyofunikwa, kwa hiyo wasichana wapewe chanjo ya HPV, ambayo Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018.

"Kondomu imepasuka, limeshatokea, nasubiri miezi 3 nipime." Usisubiri. Ipo dawa ya kuzuia VVU iitwayo PEP: huanzwa ndani ya saa 72 na kumezwa kila siku kwa siku 28. Kadiri unavyoanza mapema ndivyo inavyofanya kazi vizuri, kwa hiyo likitokea Ijumaa usiku, nenda hospitali usiku huohuo. Vivyo hivyo kwa aliyebakwa.