Je, wajua kwa nini programu inayofanya kazi vizuri huweza kunyimwa msaada?

Kwa miaka mingi, mashirika yaliyoendesha hifadhidata za Oracle juu ya VMware, yaani programu inayoigawa seva moja kuwa kompyuta pepe kadhaa, yalifungwa na sharti moja zito. Oracle ilitamka kwamba haikuwa imethibitisha bidhaa yake yoyote katika mazingira hayo, na kwamba ingeshughulikia tu tatizo linalojulikana kutokea kwenye mfumo endeshi usio na VMware, au lile ambalo lingeonyeshwa kuwa halikuletwa na VMware. Hifadhidata zenyewe zilikuwa zikifanya kazi, tena bila shida. Kwa nini basi mwenye programu alikataa kutia sahihi?

Wengi wakisikia kwamba kitu hakijathibitishwa huelewa kwamba hakifanyi kazi, na hapo ndipo wanapokosea. Cheti cha upatanifu ni ahadi ya kazi ya baadaye: kampuni imelijaribu toleo hili la programu, juu ya toleo hili la mfumo endeshi, kwenye vifaa hivi, na hitilafu ikitokea wahandisi wake wanao mtambo wa namna hiyohiyo wa kuirudia hitilafu hiyo mpaka waione kwa macho. Mhandisi asiyeweza kuiona hubaki kukisia, na kukisia juu ya hifadhidata iliyobeba akiba za watu ni hatari isiyovumilika.

Ahadi hiyo ni ghali. Tuchukue programu yenye matoleo 3 yanayotumika, juu ya mifumo endeshi 4, kila mmoja ukiwa na matoleo madogo 3, pamoja na aina 5 za kadi za diski zenye matoleo 4 ya draiva (programu ndogo inayouwezesha mfumo kukitumia kifaa) kila moja: tayari ni michanganyiko 720, na kiraka kipya, yaani marekebisho madogo ya programu, kikitoka sehemu yoyote, majaribio huanza tena. Hakuna anayeweza kuyapima yote, kwa hiyo kila kampuni huchagua machache. SAP, kwa mfano, imeifungia hifadhidata yake ya HANA kwenye familia mbili tu za mfumo endeshi wa Linux, yaani ile ya SUSE na ile ya Red Hat.

Lakini ikiwa Linux ni Linux, tofauti hutoka wapi? Draiva ya kadi ya diski hukaa ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, na kuisoma kumbukumbu yake moja kwa moja. Ikishageuzwa kuwa lugha ya mashine, huwa imekariri mahali pa kila taarifa, tuseme baiti ya 64 tangu mwanzo wa rekodi fulani. Kerneli mpya ikiingiza sehemu ya baiti 8 kabla ya hapo, draiva ya zamani itasoma pasipo pake bila kujua, na inaweza kuharibu data kimyakimya. Waendelezaji wa kerneli ya Linux hujitahidi sana wasizivunje programu za kawaida za watumiaji, ila mpangilio huu wa ndani hawauahidi hata kidogo. Red Hat iliziba pengo hilo kwa uvumilivu ambao, kwa maoni yangu, hausifiwi inavyostahili: Red Hat Enterprise Linux 7, iliyotoka Juni 2014, ilibaki na kerneli 3.10 maisha yake yote, marekebisho ya kerneli mpya yakirudishwa humo moja baada ya jingine, huku kampuni ikitunza orodha ya sehemu za kerneli ambazo isingezibadilisha. (Ndiyo sababu zana za ukaguzi zinazotazama namba ya toleo peke yake huishutumu kerneli hiyo kwa matundu ya usalama yaliyokwisha kuzibwa.) Juu ya msingi uliotulia hivyo, mtengenezaji wa kadi anaweza kujaribu mara moja na cheti chake kikadumu.

Kerneli yenyewe hujiwekea rekodi. Ikipakiwa draiva ambayo leseni yake si huria hujitia alama ya P, na ikipakiwa iliyotoka nje ya msimbo wake rasmi hujitia O. Hata draiva hiyo ikiondolewa, alama hubaki mpaka seva iwashwe upya. Mhandisi anayepokea ripoti ya hitilafu huzitazama alama hizo ili ajue kama kerneli anayoulizwa ni ileile aliyoijaribu.

CentOS, mfumo endeshi wa Linux uliotolewa bure, ilijengwa kwa msimbo chanzo wa Red Hat ikikusudia kufanana nayo hata katika kasoro, na bado wauzaji wengi wa programu hawakuiweka kwenye orodha zao. Desemba 2020 Red Hat ilitangaza kwamba CentOS Linux 8 ingekoma mwishoni mwa 2021, jambo lililowaumiza watu wengi waliokuwa wamepanga kuitumia hadi 2029. Miongoni mwa warithi wake, AlmaLinux iliacha mwaka 2023 lengo la kufanana kwa kila kasoro, baada ya Red Hat kubana njia ya kuupata msimbo chanzo wake. Sasa inaweza kurekebisha hitilafu ambayo Red Hat bado haijaigusa, na hilo ni jema kwa mtumiaji, lakini muuzaji wa programu hawezi tena kudai kwamba majaribio aliyofanya kwenye mfumo mmoja yamemaliza kazi ya mwingine.

Septemba 2019 Oracle na VMware zilitangaza makubaliano, na Oracle ikakubali kutoa msaada wa kiufundi kwa wateja wenye mikataba hai wanaotumia bidhaa zake juu ya VMware. Kabla ya hapo, njia salama kwa msimamizi wa mifumo ilikuwa kutenga seva moja isiyo na VMware, yenye mfumo endeshi uliothibitishwa, kurejesha humo nakala ya hifadhidata, kuirudia hitilafu, na ndipo afungue ombi la msaada.