Kalori tupu: ndani ya chupa ya bia kuna chakula gani?

Chupa ya bia ya mililita 500 yenye alkoholi asilimia 5 ina kalori zipatazo 215. Unga wa mahindi wa kupata nguvu hiyo ni gramu 60 hivi, yaani ugali wa tonge chache. Lakini ukiuliza nguvu hiyo imetoka kwenye kitu gani, bia na ugali haviko pamoja tena. Zaidi ya asilimia 90 ya bia ni maji. Wanga ni gramu 18 hivi, protini gramu 2, mafuta hakuna. Gramu moja ya wanga au protini hutoa kalori 4, kwa hiyo hapo umepata 80 tu. Zilizobaki, karibu theluthi mbili, zimetoka kwenye alkoholi yenyewe.

Hizo ndizo wataalamu wa lishe wanaziita kalori tupu: nguvu inayoingia mwilini bila kufuatana na protini, madini au vitamini za maana. Neno "tupu" huwapoteza wengi, wakadhani kalori hizo hazihesabiki. Zinahesabika zote.

Hesabu ya kalori za alkoholi unaweza kuifanya ukiwa mezani. Soma asilimia iliyoandikwa kwenye lebo, tafuta mililita za alkoholi, kisha zidisha kwa 5.5. Kwa chupa yetu, asilimia 5 ya 500 ni mililita 25; mara 5.5 ni kalori 138. (Hiyo 5.5 inatokana na uzito: mililita moja ya alkoholi ni gramu 0.79, na kila gramu ina kalori 7.) Chupa ya mililita 330 yenye asilimia 4 inatoa 73. Ndiyo maana bia nyepesi zina kalori chache: kubwa zaidi ni kwamba alkoholi imepungua, na chupa nayo mara nyingi ni ndogo.

Kwa nini sukari ya bia ni kidogo wakati imetengenezwa kwa nafaka? Aliyewahi kupika togwa ana nusu ya jibu. Uji mzito ukiwa vuguvugu unatiwa kimea, na baada ya muda unakuwa mwepesi na mtamu, kwa sababu vimeng'enya vya kimea vimekata wanga kuwa sukari. (Ukitia kimea uji ukiwa bado unatokota, vimeng'enya vinakufa na togwa inabaki uji.) Kiwandani kimea cha shayiri kinalowekwa kwenye maji ya nyuzijoto 62 hadi 72 kwa kazi hiyohiyo. Kisha maji yake matamu yanachemshwa na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu), yanapozwa, na hamira inatiwa. Hamira inakula karibu sukari yote na kuacha alkoholi na gesi. Wanga unaobaki ni ule ambao hamira haikuweza kuutafuna.

Vitamini zipo, tusiionee bia. Chupa hiyo ina niasini (vitamini B3) kama miligramu 2.5, wakati mwanamume anahitaji 16 kwa siku. Foleti (vitamini B9) ni mikrogramu 30 hivi kati ya 400 zinazohitajika. Kuitafuta kwenye bia peke yake kunataka chupa 13, na hapo alkoholi nayo inazuia utumbo kufyonza foleti hiyohiyo, pamoja na vitamini B1. Mchicha wa mafungu mawili sokoni unamaliza kazi kwa bei ndogo zaidi.

Kuna imani iliyoota mizizi Dar kwamba bia nyeusi inaongeza damu. Weusi ule unatokana na shayiri iliyokaangwa mpaka ikaungua kidogo, kama buni. Madini ya chuma yaliyomo ni kidogo mno kutibu upungufu wa damu, na mjamzito anayepewa bia hiyo "kwa ajili ya damu" anampelekea mtoto tumboni alkoholi.

Tuje kwenye kitambi. Mwili hauna ghala la alkoholi, hivyo ini linaanza kuichoma hiyo kwanza na kuacha mafuta yasubiri. Sasa tazama meza: kitimoto ya kukaanga, ndizi, chipsi. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia ni kalori 120, na usiku huo mwili hauna haraka nayo. Bia pia inafungua hamu ya kula, ndiyo maana sahani ya pili huagizwa bila kujadiliwa.

Joto la Februari linawafanya wengi wainywe kama maji. Alkoholi inazuia homoni inayoziambia figo zibakize maji, kwa hiyo safari za chooni zinatoa mengi. Asubuhi, kuzimua kwa bia nyingine kunaahirisha tatizo tu. Supu inarudisha maji na chumvi. Bia karibu haina chumvi kabisa.

Mwenye gauti, maumivu ya viungo yanayoletwa na asidi ya uriki ikizidi mwilini, ana sababu ya ziada ya kuogopa: bia ina purini, ambayo mwili huigeuza kuwa asidi hiyo, na alkoholi inazuia figo kuitoa. Anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kisukari naye hatari yake iko upande asioutarajia. Ini likishughulika na alkoholi linaacha kutengeneza glukosi, na akinywa bila kula sukari inaweza kushuka vibaya usiku akiwa amelala. Watu wa pembeni watadhani amelewa tu.

Pombe za kienyeji kama mbege na komoni hazichujwi kama bia ya kiwandani, hivyo hamira na chembe za nafaka hubaki ndani, na vitamini B zinaweza kuwa nyingi zaidi. Shida ni kwamba zinaendelea kuchacha ndani ya ndoo, za asubuhi si kali kama za jioni, na hakuna lebo ya kuzidisha kwa 5.5.